Giligilani, kotmiri, dania: mmea mmoja, majina matatu na tahajia zake

Fungu la majani ambalo Nairobi huuzwa kwa jina la dhania, Unguja ni kotmiri, na kwenye masoko mengi ya Tanzania Bara ni giligilani. Mmea ni huohuo, Coriandrum sativum kwa jina la kitaalamu, wa ukoo mmoja na karoti, shamari na bizari nyembamba. Wingi wa majina peke yake hauna shida. Samaki mmoja naye hubadilishwa jina mara tatu kati ya Lamu na Mtwara na mchuzi haudhuriki. Shida ni kwamba mmea huu huingia jikoni kwa sura mbili zisizofanana hata kidogo, majani mabichi na punje kavu, na kila eneo limeyagawa majina kati ya sura hizo kwa namna yake.

Giligilani ya Mzanzibari kwa kawaida ni punje. Giligilani ya mkazi wa Dar es Salaam inaweza kuwa punje au majani, na ndiyo maana wengi huko husema kabisa "majani ya giligilani" wanapotaka kueleweka. Dhania ya Nairobi ni majani mpaka mtu aongeze neno: dhania ya unga, dhania ya mbegu. Kwenye mapishi ya Zanzibar, kinyume chake, dania ikiandikwa peke yake karibu na bizari na mdalasini huwa ni punje zilizosagwa, na majani yatatajwa mstari mwingine kwa jina lake la kotmiri. Anayesoma pishi la Kizanzibari kwa jicho la Nairobi ataishia na mchuzi uliojaa majani na usio na uzito.

Giligilani

Hili ndilo jina ambalo kamusi za Kiswahili sanifu hulitanguliza, na ndilo kongwe zaidi kati ya matatu haya kwa jinsi lilivyozama katika matamshi yetu. Asili yake ni Kiarabu, juljulān. Kamusi kongwe za Kiarabu zenyewe zinalipa neno hilo maana mbili: tunda la giligilani, na punje za ufuta. Maana ya pili ndiyo iliyosafiri zaidi. Moroko mpaka leo jeljlan ni ufuta, na neno la Kihispania la ufuta, ajonjolí, limetoka humohumo. Uswahilini ikabaki maana ya kwanza, kwa sababu ufuta tayari ulikuwa na jina lake na haukuhitaji jingine. Kwa hiyo Mswahili akimtajia Mmoroko "giligilani" asishangae kuletewa ufuta.

Sauti ya j ya Kiarabu kuwa g si ajabu. Katika lahaja kadhaa za Kiarabu, zikiwamo baadhi za Oman na Yemen, herufi hiyo hutamkwa g.

Kuhusu tahajia, utakutana na giligilani, gilgilani, giligiliani na hata girigirani. Mbili za kwanza zote zina hoja. Kiswahili hupenda silabi iishe kwa irabu, kwa hiyo kundi la lg hupasuliwa kwa i: gi-li-gi-la-ni. Watu wa Unguja na wengi wa mwambao, ambao masikio yao yamezoea makundi ya konsonanti ya Kiarabu, huliacha lilivyo: gil-gi-la-ni. Ni jambo lilelile linalotokea kwa ratli na ratili. Kwa maandishi ya shule, kitabu cha mapishi au lebo ya bidhaa, andika giligilani. Giligiliani yenye i ya ziada kabla ya a ni kosa la kidole au la sikio. Haina msingi popote. Girigirani ni matamshi ya wale ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi l na r, na kwenye maandishi hurekebishwa tu.

Ngeli yake ni i-/zi-: giligilani hii, giligilani zimeungua. Haina umbo la ma-. Ukitaka kuhesabu, hesabu punje, vijiko, au mafungu.

Kotmiri

Kotmiri ni majani. Hapa mwambao uko wazi kuliko bara, na kwa maoni yetu neno hili lingestahili kuenea zaidi kwa sababu linaondoa utata wote kwa pigo moja. Limetoka Kigujarati, kothmir, ambako pia linataja majani tu. Punje kwa Kigujarati ni dhana. Waliolileta ni wafanyabiashara na mafundi wa kutoka Gujarat na Kachchh, magharibi mwa India, waliokaa Unguja, Mombasa, Lamu na Bagamoyo, na jikoni mwa Waswahili likaingia pamoja na chatini, bajia na badia.

Tahajia zake: kotmiri, kotimiri, kothmiri, kotmeri. Lile th la Kigujarati ni t yenye pumzi, wala halina uhusiano na th ya thelathini, kwa hiyo kothmiri kwa Kiswahili humpeleka msomaji kwenye sauti isiyokuwapo. Usiitumie tahajia hiyo. Kotmiri na kotimiri zote zinakubalika, kwa sababu ileile ya kupasua konsonanti iliyoelezwa juu. Kotmiri ndiyo inayoonekana zaidi katika maandishi ya Zanzibar. Kosa la kuepuka ni kitimiri. Hilo lipo, lakini ni kitu kingine: katika mapokeo ya Kiislamu Kitmiri ni jina la mbwa wa Watu wa Pangoni, na mzee wa pwani akisikia unataka kitimiri kwenye kachumbari atakutazama mara mbili.

Dania au dhania

Hapa ndipo ubishi wa tahajia ulipo. Neno ni la Kihindi, dhaniya, lenye mizizi katika Kisanskriti. Katika maandishi ya Kihindi kwa herufi za Kilatini, dh huwakilisha d inayotamkwa pamoja na pumzi nzito. Kiswahili hakina sauti hiyo. Kiswahili kina dh, lakini dh yetu ni ile ya dhahabu na fedha, ulimi katikati ya meno. Kwa hiyo anayefuata sauti ya asili kwa kanuni za Kiswahili ataandika dania, na anayenakili tahajia ya paketi ya viungo ataandika dhania. Kenya imenakili paketi. Na kwa kuwa watu husoma walichoandika, wengi Kenya sasa hulitamka kwa dh ya dhahabu kabisa, jambo ambalo limeifanya tahajia hiyo iwe sahihi kwao: inaandika wanachosema.

Msimamo unaofaa ni huu. Ukiandikia wasomaji wa Kenya, dhania ni neno lao na hakuna sababu ya kuwasahihisha. Ukiandikia wa Tanzania, dania husomeka vizuri zaidi, na ongeza ya unga au ya punje. Usichanganye tahajia mbili katika andiko moja, kwani msomaji atadhani ni viungo viwili. Na kudhani kwenyewe kuna mchezo wake: dhania pia ni kitenzi, kudhania, kukisia jambo. Hakuna sentensi ya kweli ambamo mawili haya yatagongana, kwa maana kitenzi hakitembei bila viambishi vyake, lakini programu za kutafsiri hazina habari hiyo. Ndiyo maana orodha ya viungo iliyotafsiriwa kwa mashine huweza kukuletea "dhana kijiko kimoja".

Neno hili halikuishia kwetu. Wahindi wa Durban walilifanya kuwa neno la kawaida la Kiingereza cha Afrika Kusini, kwa tahajia ya dhania vilevile. Wasomali nao wana kabsar, na ukifuata njia yake unafika Ghuba, ambako kuzbara ya Kiarabu sanifu hugeuzwa midomoni mwa wengi kuwa kabzara. Mswahili wa Muscat au Dubai anayekwenda dukani na neno giligilani pekee atarudi mikono mitupu. Aseme kuzbara, aongeze khadra kwa majani au habb kwa punje. Waethiopia huziita punje dimbilal.

Lebo za Kiingereza

Mapishi ya intaneti yameongeza utata wa aina yake. Kwa Waingereza, coriander ni mmea mzima, majani na punje. Kwa Wamarekani majani ni cilantro, neno walilolichukua kwa Wahispania, na coriander hubaki kuwa punje au unga wake. Pishi la Kimarekani linalosema kijiko kimoja cha coriander linataka unga. Pishi la Kiingereza linalosema a handful of coriander linataka majani, kwa sababu hakuna anayetia konzi nzima ya punje. Kipimo, basi, ni shahidi mzuri kuliko jina: vijiko huelekeza kwenye unga au punje, fungu, konzi na kikombe huelekeza kwenye majani. Kanuni hiyo inafanya kazi hata kwenye mapishi ya Kiswahili yasiyosema wazi.

Neno lenyewe coriander limetoka Kigiriki, koriannon, na ni la kale kweli: vibao vya udongo vya Wagiriki wa Mykene, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, vinalitaja katika hesabu za viungo. Wengi wamelihusisha na koris, neno la Kigiriki la kunguni, kwa sababu ya harufu ya majani yanapopondwa. Aliyewahi kumponda kunguni hatapinga sana.

Kwa nini jani haliwezi kushika nafasi ya punje

Harufu ya majani hutokana na kundi la kemikali ziitwazo aldehaidi. Ni nyepesi, huruka haraka na hufa kwa moto. Harufu ya punje zilizokomaa hutokana hasa na linaloli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake. Ina utamu wa mbali wa ganda la chungwa na inastahimili moto. Mmea unapokomaza matunda, aldehaidi hupungua na linaloli hutawala. Ndiyo maana punje mbichi za kijani, ambazo wakulima wa bustani huzijua, zina harufu ya katikati, na punje zikikauka zile harufu za majani huwa zimeondoka kabisa.

Matokeo jikoni ni ya moja kwa moja. Punje na unga huingia mwanzo, na kitunguu na mafuta, zipate kuachia. Majani huingia mwisho, chungu kikishaepuliwa au dakika moja kabla. Majani yaliyochemka dakika 20 hayana kazi tena zaidi ya rangi, na rangi yenyewe imechujuka. Vikonyo vina harufu nyingi kuliko majani na vinavumilia moto kidogo zaidi. Vikatwe vidogo vitangulie, majani yafuate. Kuvitupa ni hasara tupu. Majani ya kukaushwa yanayouzwa kwenye vichupa hayafai kitu, maana kilichoruka wakati wa kukausha ndicho ulichokuwa unakitaka.

Wapo wanaosema majani haya yana ladha ya sabuni, na si madeko. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha jambo hilo na eneo la jeni za kunusa ambamo imo OR6A2, inayohisi aldehaidi hizohizo. Mtu huyo mara nyingi hula punje bila shida yoyote, kwa kuwa ndani yake harufu ile imekwisha kuondoka. Kupondaponda majani na kuyaacha kidogo kabla ya kula hupunguza ukali kwa baadhi yao.

Vinavyofanana nayo

Paseli ndiyo inayodanganya zaidi, na wapo wauzaji wanaoiita kotmiri vilevile. Majani ya giligilani ni laini, membamba, ncha zake za mviringo. Ya paseli bapa ni magumu kidogo, ya kijani iliyokolea, na ncha zake zimechongoka. Usitegemee macho. Sugua jani moja kati ya vidole unuse. Hakuna anayekosea baada ya hapo.

Kwa upande wa unga, mkanganyiko mkubwa ni na bizari. Bizari nyembamba, ambayo pwani huitwa pia jira au uzile, ni punje ndefu nyembamba zenye mistari. Giligilani ni punje za mviringo, nyepesi, kama risasi ndogo za njano-kahawia, milimita 3 hadi 5 kwa zile kubwa. Zikiwa nzima hazichanganyiki. Zikisagwa hukaribiana rangi, na Wagujarati huuza kabisa mchanganyiko wake, dhana jiru, ambao giligilani huwa ndiyo nyingi. Kwa hiyo paketi iliyoandikwa dhana jeera si dania tupu: ukiitia kwenye pilau juu ya bizari nyembamba uliyokwisha kuweka, pilau itakuwa na uchungu wa bizari iliyozidi. Punguza bizari kwa kiasi hicho. Nazo bizari ya manjano na bizari ya mchuzi ni mambo mengine. Ya kwanza ni mzizi uliosagwa, ya pili ni mchanganyiko ambao giligilani imo ndani tayari.

Kukaanga na kusaga

Kijiko kikubwa kimoja cha punje ni kama gramu 5. Zichambue kwanza, kwa kuwa punje za gunia huja na vijiti na wakati mwingine vijiwe vidogo vya ukubwa uleule, vinavyovunja jino na kisu cha blenda pia. Tia kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha kwa dakika 2 hadi 3, mpaka zianze kubadilika rangi kidogo na kunukia. Zikifika kahawia iliyokolea umechelewa. Uchungu huo hautoki. Mimina papo hapo kwenye sahani, kwani kikaango chenyewe kinaendelea kuunguza hata jiko likizimwa.

Acha zipoe kabisa kabla ya kusaga. Zikisagwa za moto hutoa mvuke, unga unaganda mabonge na kuchacha mapema. Ganda la giligilani lina nyuzi, kwa hiyo unga wa nyumbani hubaki na chenga. Chekecha, rudisha chenga kwenye kinu. Kwa mchuzi mzito chenga hizo hazidhuru, tena hunyonya maji na kusaidia kuuzidisha uzito, lakini kwenye supu nyepesi zitaelea. Punje nzima hukaa mwaka na zaidi kwenye chupa iliyofungwa mbali na jua. Unga hupoteza nguvu ndani ya miezi michache. Unga wa dukani usionukia unapofungua paketi hautapona kwa kuongeza vijiko, utazidisha vumbi tu.

Majani usiyaoshe mpaka siku ya kuyatumia. Fungu likifika nyumbani toa majani ya njano, funga kwa karatasi kavu, tia kwenye chombo chenye mfuniko, friji, litakaa wiki. Bila friji, lisimamishe kwenye gilasi yenye maji ya kufika kwenye vikonyo tu, kivulini, ubadilishe maji kila siku. Kinachooza kwanza ni jani lililolowa. Chatini ya kotmiri na ndimu isage siku ya kuila: asidi ya ndimu ikikaa na majani kwa saa nyingi huigeuza kijani kibichi kuwa rangi ya majani ya chai.

Punje si mbegu moja

Tunachokiita mbegu ya giligilani ni tunda zima lenye nusu mbili, na kila nusu ina mbegu yake. Ukipanda punje nzima unaweza kuona miche miwili ikitoka tundu moja, na mara nyingi zinachelewa. Zipasue kwa kuviringisha chupa juu yake, kwa nguvu ya kutenganisha nusu bila kuzivunja, kisha loweka usiku mmoja. Panda kina cha sentimita 1, mistari ikiachana sentimita 20 hadi 30. Huota baada ya siku 7 hadi 14. Punje za duka la viungo huota pia kama si kuukuu na hazijakaangwa, ingawa huwezi kujua ni za aina ya majani au ya mbegu.

Usihamishe miche. Mzizi wake mkuu huenda chini moja kwa moja, na ukikatika mmea hukimbilia kutoa maua. Joto hufanya vivyo hivyo: Mombasa na Dar es Salaam mmea hupandisha shina mapema, majani ya juu yanakuwa membamba kama ya shamari na ladha inabadilika, ilhali Limuru au Lushoto utakata majani kwa muda mrefu zaidi. Pwani panda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, mahali penye kivuli cha mchana, na uanze kukata baada ya siku 30 hadi 45. Ile iliyokwisha kutoa maua usiing'oe. Iache, na baada ya wiki kadhaa, punje zikigeuka kahawia, kata vichwa asubuhi kabla umande haujakauka, kwa sababu jua likishapanda punje hupukutika ukizigusa.